Kibofu cha Panya Kilivyonifundisha Kuuliza

Kibofu kina kazi mbili zinazopingana. Saa nyingi za siku kinatakiwa kitulie, kitanuke, kipokee mkojo tone kwa tone bila kumsumbua mwenyewe. Kisha kwa muda mfupi kinatakiwa kijikaze kwa nguvu, na mlango wake ufunguke wakati huo huo. Dawa inayoisaidia kazi ya kwanza yaweza kuiharibu ya pili. Haya yamo vitabuni, nami niliyasoma na mtihani nikaupita. Lakini kuyaelewa niliyaelewa maabarani, mbele ya panya mweupe aliyelala usingizi wa dawa, mrija mwembamba umeingia kibofuni mwake, nikitazama mstari unapanda na kushuka kwenye skrini saa baada ya saa. Leo niko Lamu, nafanya kazi katika duka la dawa upande wa Langoni, na sidhani kama kuna somo jingine la chuo ninalolitumia kila siku kama hilo.

Nilikwenda Nairobi kusomea shahada ya uzamili ya famakolojia, elimu ya jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini, nikiwa sina fikra yoyote ya kibofu. Mwalimu aliyenipokea ndiye aliyekuwa na vifaa hivyo, na nafasi iliyokuwapo ndiyo hiyo. Habari zilipofika nyumbani Lamu, mtaa wa Mkomani, kwamba nasomea mkojo wa panya, mama alinyamaza. Ami yangu, aliyenilea baada ya baba kufariki, aliniuliza kwenye simu kwa upole kabisa: "Na hilo, mwanangu, litamfaa nani?" Sikuwa na jibu la kumridhisha wakati ule. Ila nilijua, kama ajuavyo kila aliyekulia mji huu, kuna wazee wanaochagua safu ya nyuma msikitini, karibu na mlango, ili tarawehe ikirefuka waweze kutoka. Kuna wanaofunga kitambaa ndani ya kikoi na wakaona haya kumwambia hata mke. Fiqhi imemfikiria mtu mwenye salisul-bauli, yule ambaye mkojo haumkatiki, tangu zamani sana: anatia udhu wakati wa sala ukishaingia, anajihifadhi, anasali. Hukumu yake ipo na inampa nafuu. Tiba yake ndiyo iliyokuwa haifiki.

Nieleze kazi yenyewe inavyofanywa, maana watu wengi hudhani panya anadungwa dawa kisha watu wanakaa wangoje kuona kama atakufa.

Panya wetu walikuwa wa ukoo wa Wistar, weupe, macho mekundu, ukoo ulioanzia katika taasisi ya jina hilo huko Philadelphia mwaka 1906. Tulitumia majike wa gramu 200 hadi 300, kwa sababu mrija wa mkojo wa jike ni mfupi na umenyooka. Wa dume una mikunjo na tezi zinazoongeza utata. Kwanza ni kumlaza, na hapo hapo ndipo fundisho linapoanza, kwani si kila usingizi unafaa. Nusukaputi nyingi humlaza panya na pia hulaza neva zinazokiamuru kibofu kijikaze, ukabaki unatazama mfuko unaojaa ukafurika tu. Yurethani ni tofauti: panya hahisi maumivu, lakini mwitiko wake wa kukojoa unabaki hai. Tatizo ni kwamba yurethani husababisha saratani, kwa hiyo mnyama aliyelazwa nayo haamshwi tena. Kazi ikiisha anamaliziwa hapo hapo, angali usingizini. Hilo nilikuwa nikilijua kila asubuhi nilipomtoa kizimbani, na nitalirudia chini maana halistahili kupitwa kwa mstari mmoja.

Tumbo linafunguliwa kidogo na kibofu kinaonekana. Kikiwa kitupu chaweza kukaa juu ya ukucha wa kidole chako cha mwisho. Mrija wa plastiki unatiwa kileleni, unafungwa kwa uzi, kisha unagawanyika pande mbili: upande mmoja uko pampu inayosukuma maji ya chumvi polepole, kama yale ya dripu, mililita chache kwa saa, upande wa pili uko kipima shinikizo kilichounganishwa na kompyuta. Maji lazima yawe na joto la mwili. Yakiwa baridi yanaziamsha neva za baridi zilizomo kibofuni na panya anakojoa kabla ya wakati wake, nawe utaandika kuwa dawa imefanya hivyo. Povu dogo la hewa ndani ya mrija linameza shinikizo, na mlima wa mstari kwenye skrini unatokea kuwa kilima. Panya mwenyewe analazwa juu ya pedi ya kumpasha moto, abaki kwenye nyuzi 37. Halafu unangoja. Kibofu kilichotoka kukatwa kina hasira, kinarukaruka ovyo, na hakuna dawa ya hasira hiyo ila muda.

Kisha mstari unatulia, na hapo ndipo nilipopapenda. Maji yanaingia, yanaingia, na shinikizo halipandi, au linapanda kidogo mno. Mwanzoni macho yangu yalikuwa yakiruka sehemu hiyo. Nilikuwa nangojea mlima, ile dakika ya kukojoa, nikiona kwamba hapo katikati hakuna kinachotokea. Mwalimu aliweka kidole juu ya ule mstari bapa akaniambia nikae nautazame huo, ndio wenye kazi ngumu. Ni kweli. Mfuko wowote wa kawaida ukijazwa unabana. Kibofu chenye afya kinalegea kadiri kinavyojaa, kwa amri ya neva na kwa tabia ya msuli wenyewe. Binadamu anaweza kubeba mililita 400 hadi 500 kwa namna hiyo. Panya hubeba kama mililita moja tu au pungufu, lakini mstari wake ukiutazama ni ule ule.

Kisha kizingiti kinafikiwa. Mstari unapaa ghafla, na kileleni unatoa meno madogo madogo ya haraka. Meno hayo ni msuli wa mlango wa nje unaofunga na kufungua mara kadhaa kwa sekunde moja, na ndivyo panya anavyorusha mkojo nje. Binadamu hafanyi hivyo. Sisi mlango wetu unalegea mara moja mpaka tumalize. Ukimpooza panya msuli huo, hawezi kujimaliza vizuri. Tofauti hii ni ndogo kwa macho lakini ina maana kubwa kwa mtu anayetaka kusema kwamba dawa fulani itamfaa mzee wa Shela kwa kuwa imemfaa panya.

Mlima ukishuka unaupima: muda uliopita tangu mlima uliotangulia, shinikizo lililoamsha mkazo, urefu wa kilele, kiasi kilichotoka, na kiasi kilichobaki ndani. Hicho cha mwisho unakivuta kwa mrija ule ule na kukipima. Vitu vitano, na kila kimoja kinasema habari yake. Amri ya kumwaga, kwa taarifa ya wanaopenda kujua, haitoki kibofuni peke yake. Mwingereza Frederick Barrington alionyesha mwaka 1925, kwa kutumia paka, kwamba kuna sehemu ndogo katika shina la ubongo ambayo ikiharibiwa mnyama hawezi tena kujimwaga. Sehemu hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Ninapowaona paka wa mji wetu wakinyunyizia pembe za kuta, namkumbuka.

Kabla ya dawa kulikuwa na sharti. Hudungi chochote mpaka uione milima inayofanana ikifuatana. Na cha kwanza kudungwa hakiwi dawa. Ni kile kiyeyushi ambacho dawa itayeyushwa ndani yake, peke yake. Kiyeyushi kikiitikisa mistari, jaribio lote halina msingi. Sharti hilo lilinikalia kichwani kwa namna ambayo sikuitarajia. Mgonjwa akija sasa akaniambia dawa imemdhuru, au imemponya, swali langu la kwanza ni hali ilikuwaje kabla. Mara nyingi hakuna aliyeitazama.

Sasa dawa. Atropini ndiyo iliyonifungua macho. Inazuia vipokezi vya asetilikolini, yaani zile sehemu za seli zinazoupokea ujumbe wake, na asetilikolini ndiyo inayouamuru msuli wa kibofu ujikaze, kwa hiyo kwa hesabu ya darasani mlima ulitakiwa upotee. Haukupotea. Ulifupika, ukabaki. Sababu yake ni kwamba neva za kibofu cha panya hutoa pia kitu cha pili, ATP, ambacho hukaza msuli kwa njia yake chenyewe. Geoffrey Burnstock alipopendekeza mwaka 1972 kwamba ATP ni mjumbe wa neva, wengi walimkatalia kwa miaka mingi. Kibofu cha panya ni mmoja wa mashahidi wake. Kwa binadamu mwenye afya, ATP ina sehemu ndogo sana katika kukojoa. Lakini kwa binadamu ambaye mlango wake umezibwa na tezi dume, au ambaye kibofu chake kina haraka isiyo na sababu, sehemu ya ATP huongezeka. Ndiyo kusema panya mzima, kwa jambo hili, anafanana zaidi na mzee mgonjwa kuliko na kijana mwenye nguvu. Nilipoyasoma hayo nikiwa tayari nimeuona mstari kwa macho yangu, nilimpigia ami simu usiku ule ule kujaribu kumjibu swali lake.

Na atropini ilinionyesha jambo zito kuliko hilo. Dawa za jamaa yake, kama oksibutinini iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1975, hupewa mtu anayekimbilia chooni kila mara. Akipunguza safari, tunasema amepona. Kwenye skrini ungeweza kuona milima imeachana zaidi, ukafurahi. Lakini vuta kilichobaki kibofuni. Dozi ikiwa ndogo, kilichobaki ni kile kile kidogo, na kweli dawa imeongeza nafasi ya kuhifadhi. Dozi ikipanda, vilele vinafupika na kilichobaki kinaongezeka, yaani panya anakojoa mara chache kwa sababu hawezi, mkojo umo ndani umelala. Ukihesabu milima tu, hali hizi mbili zinafanana. Moja ni nafuu, nyingine ni mwanzo wa maambukizi, wa mawe, na mwisho wake hata figo. Sijaweza tena kusikia mtu akisema "siku hizi siendi sana" nikampongeza bila kuuliza zaidi.

Dawa za upande wa pili, zinazoamsha vipokezi vya aina nyingine, vinavyoitwa beta-3, kama mirabegroni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, huulegeza msuli wakati wa kujaza na kwa kiasi kikubwa huuacha mkazo wa kumwaga ulivyo. Kwenye mstari inapendeza kuitazama: milima inaachana, vilele vimesimama. Hata hapo panya ana lake, kwani kwake beta-2 pia inafanya kazi hiyo ya kulegeza, ilhali kwa binadamu beta-3 ndiyo yenye uzito. Ndiyo maana hakuna aliyetoka maabara ya panya moja kwa moja kwenda kwa mgonjwa. Kuna vipande vya msuli wa binadamu vilivyotolewa wakati wa upasuaji, kuna watu wanaojitolea, kuna miaka.

Dawa za jamii ya afyuni zilinigusa kwa sababu za kwetu. Mofini humnyamazisha panya kabisa: maji yanaingia, kizingiti kinapita, mlima hauji, kibofu kinatanuka mpaka kinavuja. Ukimpa naloksoni, inayoing'oa mofini kwenye vipokezi vyake, mlima unarudi. Pwani yetu imeumizwa na heroini, Lamu na Malindi hakuna mtaa usiolijua jina hilo, na Malindi ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo Kenya kupata kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini badala yake. Vijana wanaotumia au wanaotibiwa huulizwa mambo mengi, na ndivyo inavyotakiwa. Kuhusu mkojo huulizwa kwa nadra, na wao hawasemi, wanafikiri ni adhabu au ni ugonjwa wa zinaa. Niliwahi kuzungumza na kijana mmoja Malindi aliyekuwa akisimama chooni muda mrefu, tumbo la chini limejaa, na alikuwa amekwisha kunywa dozi mbili za viuavijasumu alizojinunulia mwenyewe. Nilipomweleza kuwa ni dawa inayoziziba amri za neva, na kwamba daktari wake wa kliniki anapaswa kuambiwa, alichosema ni: "Kwa hivyo mimi si mchafu?" Nilimwambia si mchafu hata kidogo, ndugu yangu. Nilimsindikiza mpaka mlangoni mwa kliniki.

Sasa panya wenyewe. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haimruhusu mtu kufanya majaribio juu ya mnyama bila leseni, na kamati ya maadili ya chuo inataka ueleze kwa nini mnyama, kwa nini huyu, kwa nini idadi hii. Russell na Burch, Waingereza wawili, waliweka mwaka 1959 masharti matatu ambayo dunia ya maabara inayafuata: tafuta mbadala, punguza idadi, punguza mateso. Kwangu mimi masharti hayo yalikuwa na sura. Kupunguza idadi kulimaanisha kwamba panya akishamaliziwa, kibofu chake kilikatwa vipande vyembamba vikatundikwa kwenye maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni, vikaendelea kujikaza kwa saa nyingi na kujibu maswali ambayo vinginevyo yangedai panya wengine. Kupunguza mateso kulimaanisha kumzoesha mkono wako kabla ya siku yake. Panya mwenye hofu hukojoa kwa hofu. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kwamba hata harufu ya mwanamume chumbani inatosha kupandisha mfadhaiko wa panya. Basi niliingia mapema, nikakaa nao, nikawalisha.

Nilikua nikisikia hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Na katika mji wangu, tangu 1987, kuna hospitali ya punda inayowatibu bure. Sikuweza kuyaacha hayo mlangoni pa maabara. Kuna asubuhi nilimuuliza mwalimu kama tuna haki. Hakunipa fatwa. Aliniambia mnyama huyu atakufa leo kwa hali yoyote niliyoiandika kwenye ombi langu, kilicho mkononi mwangu ni kama kifo chake kitatoa jibu au kitatoa takataka, na takataka inatoka kwa mtu mvivu: asiyesubiri mstari utulie, asiyepasha maji, asiyepima kilichobaki. Tangu siku hiyo uangalifu wa kazi na huruma kwa mnyama vilikuwa jambo moja kwangu. Bado naamini hivyo. Wapo wanaoamini kwamba haifai kabisa, nami nawaheshimu. Lakini nimewaona wazee wakivaa mpira wa mkojo miezi na miezi, na ninajua kila dawa wanayopewa ilipita kwa panya.

Ami alikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimerudi Lamu si muda mrefu, msimu wa kusi, mafua yamejaa mjini. Alinunua mahali dawa ya mafua, ile ya vidonge mchanganyiko, akanywa asubuhi na jioni. Usiku wa pili hakuweza kukojoa hata tone. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, jasho linamtoka, ananiambia ni gesi. Niliweka mkono chini ya kitovu: kigumu, kimepanda juu. Tukampeleka hospitali, akatiwa mpira, ukatoka mkojo mwingi sana, na uso wake ukarudi kuwa uso wake.

Kila kitu kilichompata nilikuwa nimekiona kwenye skrini. Ndani ya vidonge vya aina hiyo huwa kuna klorfeniramini, ambayo watu huijua kwa jina la Piriton, na mara nyingi kuna sudoefedrini ya kufungua pua. Klorfeniramini, mbali na kuzuia chafya, inazuia pia vipokezi vile vile ambavyo atropini huvizuia: mkazo unapungua. Sudoefedrini inaamsha vipokezi vya alfa-1 vilivyojaa kwenye shingo ya kibofu na ndani ya tezi dume: mlango unabana. Kwa kijana hakuna tatizo, kibofu chake kina akiba ya nguvu. Kwa mzee ambaye tezi imekwisha kumbana, ni kumpunguzia msukumaji nguvu na wakati huo huo kumkazia komeo. Aliyemuuzia hakumuuliza neno juu ya mkojo. Na mzee wa kwetu, akienda kununua dawa ya mafua, atataja mkojo kwa sababu gani?

Ndio maana nauliza mimi. Mwanamume aliyepita makamo akitaka dawa ya mafua, ya mzio, ya usingizi, ya tumbo linalosokota, nauliza kwanza. Nauliza kwa sauti ya chini, na nina kiti nyuma ya kabati kwa ajili hiyo. Mkojo unaanza upesi au unangoja? Unakatika katikati? Ukimaliza, wahisi umekwisha au bado umo? Usiku waamka? Akisema unangoja, simpi vidonge mchanganyiko, nampa parasetamoli na maji ya chumvi ya kuoshea pua, na namwandikia karatasi aende akapimwe tezi. Kina mama nao nawauliza, ingawa kwao maswali ni mengine, na mara nyingi ni mke wangu anayezungumza nao. Bibi mmoja alikuwa amepewa oksibutinini kwa haraka ya mkojo, na watoto wake walidhani ameanza kusahau kwa uzee. Kinywa kikavu, choo kigumu, akili imechanganyikiwa: vipokezi hivyo haviko kibofuni peke yake, viko kwenye tezi za mate, kwenye utumbo, na kwenye ubongo. Daktari alimbadilishia. Wanawe waliniambia ameanza tena kuwataja wajukuu kwa majina bila kukosea.

Miraa siwezi kuiruka, ikiwa naandika juu ya Lamu. Wanaume wengi hapa wanatafuna kuanzia alasiri mpaka usiku, na wengi wameshaona kwamba wakitafuna mkojo unatoka mwembamba na kwa kusukuma. Wanadhani ni kwa kuwa wamekunywa maji machache. Mwaka 1995 madaktari wa Yemen walichapisha jaribio juu ya wanaume wenye afya: walipotafuna, kasi ya mkojo ilishuka, walipopewa indoramini, inayozuia vipokezi vya alfa-1, athari hiyo ilizuiwa. Kathinoni iliyomo kwenye miraa inaubana mlango ule ule ambao sudoefedrini ilimbania ami. Mtu mwenye tezi dume anayetafuna kila siku na kunywa dawa ya tezi usiku anavuta kamba pande zote mbili. Nimewaambia hivyo wenzangu barazani. Kuna aliyekasirika. Kuna aliyekuja dukani kesho yake asubuhi, mapema, kabla watu hawajajaa.

Kifaa ninachokitegemea zaidi hakina umeme. Ni daftari na kopo lenye alama za mililita. Kwa siku tatu mtu anaandika saa aliyokunywa na kiasi, saa aliyokojoa na kiasi, na kama alivuja. Ukisoma ukurasa huo unauona mstari: unaona kama kibofu kinahifadhi kidogo, au kinahifadhi sawa lakini figo ndizo zinazotoa mkojo mwingi usiku, au kiasi kinachotoka kila mara ni kidogo na mtu hamalizi. Kilichobaki ndani daftari haliwezi kukupimia, hicho kinahitaji mashine ya picha hospitalini, lakini linakuambia nani apelekwe. Mzee mmoja aliyeamini ana tezi alikuwa akinywa chai birika zima baada ya isha. Mwingine, kila mara anatoa kidogo, mchana na usiku, na hospitali walikuta zaidi ya nusu inabaki.

Ami alipotolewa mpira alianzishwa tamsulosini, inayolegeza ule mlango, na niliitazama karatasi yake ya daktari kwa furaha kwani kila neno nilikuwa nikilijua linafanya nini na wapi. Akaniuliza kama na hii ilijaribiwa kwa panya. Nikamwambia ndiyo. Alinyamaza kidogo, akaniuliza panya hao walikuwa wakipewa maji ya kutosha. Nilimwambia walipewa. Sasa anaandika daftari lake mwenyewe kwa herufi za Kiarabu kama alivyozoea, nami namsomea daktari, na mwezi huu ameniletea pia la jirani yake wa Mkomani, ambaye bado hataki kuja mwenyewe.